Mwanamume wa Kunisemea

Alipozitia senene za mume wangu mdomoni na kuzitafuna mbele ya macho yangu, ndugu zangu, hapo ndipo subira yangu ilipokatika.

Lakini kwanza nimtukuze Bwana aliyenifikisha katika nyumba hii ya sala kwa miguu yangu mwenyewe! Mimi naitwa Eunike, mke wa Yosia, wa Kishanda kule Muleba. Huyu aliye mgongoni ni binti yangu Kokuhirwa. Na yule mama aliyeketi mkekani karibu na mlango, aliyenyoosha miguu kwa sababu nyayo zimevimba, ni mama mkwe wangu, Mama Yosia. Msimtazame sana, ataona haya atoke nje. Nimesimama kushuhudia alivyotutendea Bwana njiani kutoka Kishanda mpaka hapa Bukoba. Sitapamba maneno. Shuleni nilifundishwa hesabu na Kiingereza, kupamba sikufundishwa.

Mume wangu ni karani katika kinu cha pamba huko Mwanza. Alihamishiwa huko nikiwa mjamzito, na mtoto huyu hajamwona mpaka leo. Hajui kwamba amechukua paji la uso la kwao. Tangu aondoke nilikaa nyumbani kwa wakwe zangu, nikilima, nikingoja. Hatimaye akapata chumba. Akaniandikia barua, akatia na nauli: njoo na mtoto. Ndugu zangu, nilicheza jikoni peke yangu kama mwendawazimu!

Yalikuwa majira ya senene. Ninyi mlio Wahaya hamhitaji kuelezwa, lakini wako hapa ndugu zetu wa mjini waliotoka mbali, basi waniwie radhi wenyeji nieleze: senene ni panzi wanaokuja na mvua. Kwetu mke huamka alfajiri akakamate senene majanini, huwachuna mabawa na miguu, huwakaanga, kisha humpelekea mumewe. Mume naye humpa mkewe gauni. Mke mwenyewe haonji. Hata mmoja haonji. Msimu uliopita Yosia hakuwapo, kwa hiyo hizi zilikuwa senene zake za kwanza kutoka mikononi mwangu. Nilizifunga katika jani la mgomba, nikaziweka juu kabisa kikapuni ili zisipondeke. Nikavaa viatu vyangu vya shule, nikaenda Kemondo kupanda meli.

Pale gatini alisimama msimamizi mmoja. Jina lake silitaji. Akaniuliza, “Mwanamume wako yuko wapi?”

“Mwanza.”

“Hapa, nasema. Mwanamume wa kukusemea.”

Amri hiyo mnaijua. Wako dada zetu waliovuka ziwa wakaenda kuuza miili yao mijini. Ni kweli, siwafichi, na tunawaombea. Lakini kwa ajili yao imekatwa shauri kwamba mwanamke kijana wa kwetu asipande meli peke yake, mpaka mwanamume wa nyumba yake asimame aseme: huyu namjua, anakwenda mahali pema. Mbuzi akipandishwa melini haulizwi hivyo! Nilikuwa nimesikia habari hizo, lakini nilidhani barua ya mume inatosha. Nikampa.

Hakuisoma. Alinitazama viatu.

“Umesoma?”

Nikajibu kwa fahari kama mjinga, “Nimesoma. Darasa la kumi.”

“Basi barua hii umeiandika mwenyewe. Ungekuwa hujui kusoma, ningeiamini.”

Watu wakacheka. Mpagazi mmoja aliyebeba gunia la kahawa akapaza sauti, “Viatu hivyo, dada, haviendi Mwanza! Vinakwenda Nairobi!” Wakazidi kucheka. Mimi nimesimama, mtoto analia mgongoni, meli inapiga honi. Msimamizi akatia mkono kikapuni, akafungua jani.

“Na hizi je?”

“Za mume wangu.”

“Leo mume ni mimi,” akasema. Akatia kiganja kizima kinywani.

Nilimwambia ateme! Ndugu zangu, nilimwambia kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kihaya, nikamwambia na kwa Kiingereza, maneno ambayo walimu wangu hawakunifundisha. Nilimpokonya kikapu. Nilimwambia kwamba mama yake angezaa jiwe lingefaa kujengea. Sikumbuki yote niliyoyasema, na pengine ni rehema. Nikasikia ngazi ya meli inavutwa. Nikageuka. Meli inaondoka, na mimi niko nchi kavu.

Nilirudishwa nyumbani juu ya lori la kahawa, na tarishi wa gatini amekaa kando yangu kama mtu aliyemkamata mwizi wa mbuzi. Akanikabidhi kwa mkungu wetu, yaani mkubwa wa kijiji, naye akanikabidhi kwa baba mkwe. Nilikabidhiwa mara mbili kwa siku moja, mimi mke halali niliyefunga ndoa madhabahuni!

Habari zilifika Kishanda kabla ya lori. Jumapili nilipoketi kanisani, benchi langu likawa refu ghafla. Waliozoea kuniazima chumvi wakakumbuka kwamba wanayo. Kisimani wakaniita “Nairobi.” Walisema kwa upole kabisa, “Nairobi, tusogezee mtungi.”

Nikamwendea baba mkwe. Nikapiga magoti kama desturi. Nikamwomba anisindikize mpaka Kemondo, aseme neno moja tu: huyu ni mke wa mwanangu. Neno moja! Alikuwa anasafisha kiko chake. Akasema kahawa imeiva, magugu yamejaa migombani, na Yosia akitaka mke aje amchukue. Nikarudi kwake tena baada ya siku chache. Akasema vilevile. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema alikataa.

Ndugu zangu, niwaambie hali yangu ya siku zile. Nilipalilia. Nilichuma kahawa, nikaianika, nikaigeuza. Usiku nilimnyonyesha mtoto, na wala sikuomba. Nilimwambia Mungu: wewe ulinitoa kwetu nikiwa mdogo, ukanipeleka shule ya wasichana, wenzangu wakiozwa mimi nikisoma jiografia. Nimechora ramani ya ziwa hili kwa mkono wangu, ghuba zake zote! Ya nini basi? Ulinifundisha ili nijue vizuri jina la maji nisiyoruhusiwa kuyavuka? Elimu yangu ilikuwa kama shoka lililochomekwa darini: halichongi, halikati, linangoja kutu. Sikuona kazi yoyote ambayo Bwana aliniwekea duniani. Nasema kweli mbele zenu, niliona ni afadhali waliokwenda Nairobi, maana wao angalau walifika.

Asubuhi moja tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mimi na mama mkwe. Mama Yosia si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza bila kuinua macho, “Mwana wange, huko wanakosikiliza mashitaka ya watu ni mbali?”

“Bukoba, bomani? Ni mbali, mama.”

“Kwa miguu?”

“Kwa miguu pia ni mbali.”

“Umbali umeshanitajia. Nimeuliza kama miguu inafika.”

Nikasema inafika. Akaendelea kumenya. Halafu akanawa utomvu, akatoka uani, akamwambia mumewe kwamba anakwenda kumsindikiza mke wa mtoto wao.

Mnajua, kwetu mtu hazuiwi kusindikiza. Mgeni akiondoka bila kusindikizwa ni aibu ya nyumba nzima. Mzee akauliza, “Mpaka wapi?”

“Mpaka atakapofika.”

Mzee akadhani ni mpaka mwisho wa migomba yetu, au hapo njia panda. Akasema haya, nendeni mrudi. Mama Yosia akafunga ndizi za kuchoma, viazi vitamu, kibuyu cha maji na akamwani ketu ka kutafuna, maana bila buni hizo mdomoni yeye haoni njia. Mimi nikatwaa mtoto, barua ya Yosia, na zile senene zilizosalia. Tulipofika njia panda sikuthubutu kumtazama. Nilisikia tu hatua zake nyuma yangu, zinaendelea.

Katika Maandiko yuko mkwe mdogo aliyemfuata mkubwa njiani, na kwa imani yake akabarikiwa. Kwetu sisi mkubwa ndiye aliyemfuata mdogo, wala hakuwa amewahi kufika mbali kuliko gulioni! Bwana ana njia nyingi.

Mvua ilitunyeshea. Udongo ulishika nyayo kama ugali. Viatu nilivivua mapema nikavitia kikapuni, na Mama Yosia akasema, “Sasa hata ukienda Nairobi hawatakupokea.” Ilikuwa mara ya kwanza kunitania juu ya jambo lile. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Siku za mwanzo nilitembea na hasira peke yake. Nilikuwa natunga mashitaka yangu kichwani kwa Kiingereza kigumu. Nilitaka yule mtu afukuzwe kazi. Nilitaka alipe senene zangu, moja moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya macho yangu, milima sikuiona.

Lakini njia ile ina wanawake, ndugu zangu! Wanawake wenye magunia ya kahawa vichwani, wenye mikungu ya ndizi, wenye watoto. Wanasalimu, wanauliza mnatoka wapi, mnakwenda wapi. Na mama mkwe wangu, yule asiye na maneno, alipata kinywa! Kila tulipokutana na watu alisema, “Tunakwenda Bukoba kushitaki.”

“Kumshitaki nani, waitu?”

“Aliyekula senene za mwanangu. Huyu mke wa mwanangu atamwambia Mzungu kwa lugha yake. Amesoma, huyu.”

Walicheka, kama mnavyocheka ninyi. Halafu, baada ya kicheko, mmoja alitua mzigo wake. Akasema: mimi pia nilirudishwa Kemondo. Nilikuwa nakwenda kumwona mama yangu mgonjwa, sikumkuta hai. Mwingine akasema, mimi sikurudishwa, kwa maana kaka yangu alinisemea, lakini mpaka nilipomfulia na kumpikia msimu mzima. Kisha wakajitwisha mizigo yao wakaenda. Hakuna aliyelia. Walisema kama watu wanaoeleza hali ya mvua.

Upande wa Kamachumu tulilala kwa mjane mmoja wa kanisa letu, akatupa chumba na moto. Ana binti, Adela. Binti huyu ameitwa Mwanza akajifunze uuguzi. Ameshinda mtihani, nafasi yake ipo. Baba yake ni marehemu, na baba mdogo hataki kumsemea gatini kwa sababu ana mtu wake wa kumwoza. Nikamuuliza Adela, “Sasa unafanya nini?” Akaonyesha bakuli. “Namenya ndizi, dada.” Alisema hivyo na mikono yake haikusimama. Nikaitazama ile mikono, myepesi, safi, ingeshona jeraha la mtu. Nafasi yake wataifunga mafunzo yakianza.

Kesho yake tukateremka kuelekea ziwani. Njia ilikuwa mawe na maji. Mama Yosia akateleza, akaketi juu ya jiwe, akakataa kusimama. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Nikaogopa. Nikamwambia, “Mama, turudi. Nimekutesa bure. Ni mimi niliyezuiwa, si wewe. Wewe hakuna aliyekuzuia gatini.”

Akatafuna buni yake. Akanitazama, akasema, “Ni kweli, sijazuiwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu sijawahi kwenda mahali.”

Ndugu zangu, nilisimama palepale kwenye mvua.

Nilikuwa nimedhani nimebeba aibu yangu. Kumbe nilikuwa nimefunika macho! Mimi nilizuiwa siku moja nikapiga kelele hadi Kishanda. Mama huyu hakuwahi hata kufika mahali pa kuzuiwa, akakaa kimya maisha yake yote, na leo kwa ajili yangu amepasua nyayo. Na Adela anamenya ndizi. Na yule aliyemkuta mama yake amezikwa. Halafu mimi natafuta maneno makali ya Kiingereza kwa ajili ya kifurushi cha senene!

Nikakifungua kile kifurushi. Nikamwambia, “Mama, kula.”

“Mawe!” akamaka kwa Kihaya, yaani mama wee! “Hizo ni za mwanangu.”

“Mwanao yuko Mwanza, amekula wali. Sisi tuna njaa.”

Akatazama huku na huku kama kwamba migomba ingemshitaki. Akachukua mmoja kwa ncha za vidole. Akatafuna polepole. Mama huyu amechuna senene tangu utotoni, amekaangia baba yake, kaka zake, mume wake na wanawe, na hakuwa anajua ladha yake. Akachukua wa pili. Kisha akasema kwa uchungu wa kweli, “Kumbe ndiyo sababu walitukataza!”

Tukacheka, ndugu zangu, tukacheka mpaka tukashikana! Tukazila zote. Yosia, popote ulipo, senene zako tumekula mimi na mama yako, na Bwana alikuwapo mezani!

Nami pale juu ya jiwe nikaomba, kwa mara ya kwanza tangu lile lori la kahawa. Sikuomba meli. Nilisema: Bwana, kama ulinipeleka shule kwa ajili ya njia hii, basi nitumie. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Nilisikia tu kwamba ule mzigo kifuani umetua, na mahali pake pamekaa kitu kingine, kigumu, kitulivu, kama fimbo mkononi. Nilijua kazi yangu! Nilikuwa na darasa la kumi na midomo miwili, na nyuma yangu walikuwako wanawake wenye maneno wasioulizwa. Mtu akijua kazi yake hachoki namna ileile. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikabeba kikapu kichwani, mama mkwe akashika bega langu, tukateremka. Mwanamke wa kwanza tuliyekutana naye akipanda Kamachumu nilimtuma kwa Adela, aje gatini siku ya meli na nauli yake, naye Adela ameitika.

Njia ikatupitisha Kemondo. Mama Yosia akaliona ziwa kwa karibu, akashika kiuno. “Maji yote haya,” akasema, “na wanamkataza mtu mmoja?”

Na yule msimamizi alikuwapo. Amesimama kivulini anakunywa chai. Miguu yangu ilitaka kukimbia, sijui kumkimbia au kumkimbilia. Nikasonga mpaka mbele yake. Nikamsalimu, “Habari za kazi.”

Akaitika, “Nzuri, mama. Habari za safari?”

Hakunikumbuka! Nilirudia uso wake usiku baada ya usiku, nilimtukana ndotoni, nilimnyima mtoto wangu mama mwenye furaha kwa ajili yake, naye hakunikumbuka. Alikuwa ameturudisha wengi mno. Nikamtazama nikaona mtu mchovu mwenye kikombe cha chai. Nilijua hapo kwamba huyu hata akifukuzwa leo, kesho atasimama mwingine palepale na ataniuliza swali lilelile. Hasira yangu haikufa, ndugu zangu, msinielewe vibaya, ninayo hapa. Ila iliacha kumtazama yeye, ikaitazama amri. Bwana alinifungua kutoka kwa mtu yule! Nimesimama mbele yenu, simchukii, wala simwogopi, wala mwingine aliye kama yeye.

Tukafika Bukoba. Dada mmoja wa Buhembe, mshirika mwenzenu, akatupa chumba na maji ya moto ya nyayo, na Bwana amkumbuke. Jana asubuhi tukaenda bomani.

Hapo mlangoni yuko karani mmoja mzee, Mwislamu wa hapa mjini, kanzu nyeupe, kofia safi. Akatuuliza mwanamume wetu yuko wapi. Mama Yosia akaelewa swali bila kufasiriwa, akaguna. Nikasema hatuna, na hilo ndilo tulilolileta. Karani akavua miwani, akaifuta.

“Binti yangu, mambo ya wake hupelekwa barazani kwenu, kwa wazee wenu.”

“Wazee wetu ndio waliokataa kunisemea, baba.”

“Umetoka wapi?”

“Kishanda.”

“Kwa gari?”

Nikamwonyesha miguu ya mama mkwe wangu. Mzee yule akaitazama. Akasema neno la kumwomba Mungu kwa Kiarabu, akainuka, akampa Mama Yosia kiti chake mwenyewe. Akaniletea kalamu na karatasi. Akaninong’oneza, “Ukijua Kiingereza, andika Kiingereza. Watasoma upesi.”

Nikakataa. Nilitaka kila neno niweze kumfasiria Mama Yosia kwa Kihaya kabla hajatia dole gumba, kwa maana mashitaka ni yake pia. Niliandika kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Palipokuwa na neno asilolitaka, alitikisa kichwa, nikalifuta. Zile senene alisema tusiziandike. Alisema, “Wataanza kucheka, wasahau.” Ana akili kuliko mimi. Karani akaisoma yote akiwa amesimama, akagonga muhuri wa kupokelewa, akaipeleka ndani kwa mkono wake. Tukaambiwa tungoje jibu.

Jibu sijalipata. Nasema hivyo ili mtu asije akasema Eunike alishuhudia meli ambayo hakuipanda. Sishuhudii meli. Nashuhudia kwamba mimi niliyekuwa natamani kupotea, nimepewa kazi, na mama ambaye hakuwahi kwenda mahali, ametia alama yake katika boma la Bukoba! Namtukuza Mungu kwa njia, kwa matope yake na mawe yake. Namshukuru kwa wanawake waliotua mizigo wakasema nami. Namshukuru hata kwa benchi lile lililokuwa refu Kishanda, kwa sababu nisingetoka kama wangenisogelea.

Na wewe uliyeketi hapo na jambo kifuani, unayesema mimi sina mtu wa kunisemea: mtumaini Bwana, halafu inuka utembee. Usingoje miguu yako iambiwe na mtu kwamba inafika. Anza, utamkuta njiani. Na kama unataka kuniombea, usiniombee umekaa. Siku ya meli inajulikana. Njoni Kemondo, mama zangu, dada zangu. Njoni na watoto. Mje tu msimame.

Haya ndiyo maneno tuliyoyaweka bomani. Nimebaki na nakala, nawasomea yalivyo, kisha nitaketi.

“Kwa Bwana Mkubwa wa Wilaya, Bukoba.

Mimi ni Eunike, mke wa Yosia, wa Kishanda. Nimekuja na mama mkwe wangu, Mama Yosia. Tunaleta malalamiko yetu juu ya amri inayomzuia mwanamke kupanda meli bila mwanamume wa kumsemea.

Nilirudishwa Kemondo nikiwa na mtoto wangu, nauli yangu na barua ya mume wangu anayeniita. Simlalamikii mtu aliyenirudisha. Nalalamikia amri iliyomweka pale. Barua ya mume wangu haikuaminiwa kwa kuwa najua kusoma. Naomba kuelezwa kwa nini Serikali na misheni zinajenga shule za wasichana, ikiwa msichana aliyesoma anaaminiwa kidogo kuliko asiyesoma.

Sikatai kwamba wako wanawake waliovuka wakapotea. Nakataa kuhesabiwa pamoja nao kabla sijapanda ngazi. Mwanamume akipanda meli haulizwi anakwenda kulala wapi.

Yuko msichana wa Kamachumu, Adela, yatima wa baba, aliyepata nafasi ya kufunzwa uuguzi Mwanza. Hana wa kumsemea, na nafasi yake itafungwa. Akizuiwa, wagonjwa watakaokosa mikono yake hawatakuja hapa kulalamika, basi tunalalamika sisi kwa niaba yao.

Tunaomba amri hiyo iondolewe. Kama haiondolewi, tunaomba jibu la maandishi linalotaja kosa langu, nami nitalisoma mwenyewe.

Mama Yosia ametia dole gumba lake hapa chini. Anasema iandikwe hivi: yeye ananijua, anajua ninakokwenda, na yeye ndiye aliyemzaa mume ninayemwendea. Kama anatakiwa mtu wa kunisemea, yeye ni mtu.

Meli ya Mwanza itatia nanga Kemondo Alhamisi. Mimi, mtoto wangu na Adela tutakuwa gatini na nauli zetu. Hatutakuja na mwanamume.”